Safari ya Bugarama Kumpiga Picha Doto Bila Kumkata

Nilikwenda Bugarama kwa sababu bibi mmoja wa Songwa alimkata pacha wake kwa mkasi. Alimkata kwenye picha, nieleweke mapema, lakini aliyekatwa aliumia kana kwamba mkasi ulimgusa mwilini.

Bibi huyo anaitwa Kulwa. Mimi nina studio ndogo ya picha hapa Shinyanga mjini, na yeye kila akija mjini kutoka Songwa hupita kunisalimu, hata asipokuwa na haja ya picha. Pacha wake, Doto, aliolewa Bugarama, na huko anapika chakula cha kuuzia wachimbaji. Walipokuwa wasichana walipiga picha moja pamoja, Doto ameweka mkono begani kwa Kulwa. Ndiyo picha pekee waliyowahi kupiga wawili. Miaka sita iliyopita Kulwa alinunua fremu ya ukutani, akakuta ni ndogo kuliko picha. Badala ya kurudisha fremu, akachukua mkasi.

Doto alipokuja kumtembelea alijitafuta ukutani, akajikuta amebaki kiganja tu.

"Nusu yangu umeiweka wapi?" aliuliza.

"Sikumbuki," Kulwa akajibu.

Doto akachukua mkoba wake, akaondoka bila kula. Tangu siku hiyo salamu zao zilipitia kwa watoto. Mwaka huu ndipo Doto alipolegea kidogo, akatuma neno kwa simu: dada yake aje, wapige picha nyingine, moja tu, na aje na mpiga picha anayejua kazi.

"Nimesema wewe unajua," Kulwa aliniambia, akiwa amesimama mlangoni pa studio.

Nilikubali haraka. Shida ni kwamba kamera yangu ya kila siku ilikuwa kwa fundi Mwanza, imevunjika shata, kipazia chake cha ndani. Iliyobaki ilikuwa moja niliyotumiwa na binamu yangu, muuza vifaa vya mtumba Kariakoo: kamera ya dijitali ya aina ya rangefinda. Ni ndogo, nzito, na hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kilicho juu pembeni. Nilikuwa nimeichezea jioni mbili tu.

Jumatatu saa moja asubuhi tulipanda basi la Kahama. Kulwa alivaa gauni la kitenge cha bluu, na mapajani alikuwa na kapu lenye kuku mmoja aliyefungwa miguu, zawadi ya kumpelekea Doto. Alinisimulia utoto wao tangu stendi mpaka tunaingia Kahama. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kama desturi ya jina lake ilivyo, na sikuchelewa kutambua kwamba dakika zile chache za kutangulia amezitumia maisha yake yote.

"Doto hana hasira," alisema. "Ana ukaidi tu. Hasira huisha."

Nyahanga, hapo hapo Kahama, tulifika kabla ya adhuhuri. Hapo anaishi shangazi yangu Mwajuma, fundi cherehani, na tulipanga kulala kwake. Baada ya chakula nikamwomba nimpige picha ya majaribio. Akafurahi. Akajifunga kilemba kipya, akasimama kando ya cherehani yake, mkono mmoja juu ya gurudumu. Nikatazama kidirishani, nikawaona wote wawili, yeye na cherehani, wamejaa vizuri. Nikabonyeza, nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma.

Shangazi akaitazama muda mrefu. "Cherehani yangu iko wapi? Imekwenda kunywa chai?"

Haikuwemo. Kilichoonekana ni ncha ya meza tu. Nikarudi kidirishani, safari hii kwa utulivu, na ndipo nikaiona vizuri mistari myeupe inayong'aa ndani yake, imechora umbo la mstatili. Ile ndiyo mipaka ya picha. Kidirisha chenyewe kinaonyesha mengi kuliko picha itakavyobeba. Kilicho nje ya mistari unakiona, lakini hukipati. Mimi nilikuwa nimechukua kidirisha chote kuwa ndiyo picha. Nikasogea nyuma hatua mbili, cherehani ikaingia ndani ya mistari, na shangazi akapata haki yake.

Alasiri hiyo nilikaa na kamera kama mwanafunzi na daftari. Lenzi ninazo mbili. Nikifunga ya milimita hamsini, mistari yake inawaka. Nikifunga ya thelathini na tano, ambayo inachukua eneo pana, mistari inapanuka. Kando ya lenzi kuna kijiti. Ukikisukuma kwa kidole, mistari inabadilika bila kubadili lenzi, ili uone ingekuwaje kama ungefunga nyingine. Ukikiachia, inarudi. Nilikiona kijiti kile ni cha maana sana. Kesho yake kilinitia aibu.

Kulikuwa pia na kikuzaji, kioo kidogo cha duara unachokizungusha kwenye tundu la kutazamia. Macho yangu si ya msichana tena, na kamera hii hulengwa kwa namna yake: katikati ya kidirisha kuna kijisanduku, na humo mtu anaonekana mara mbili, mmoja pembeni ya mwenzake. Unazungusha lenzi mpaka wale wawili walaliane wawe mmoja. Bila kikuzaji nilikuwa nakisia. Nilipokifunga, kope za shangazi zilinijia karibu, nikalenga bila shida.

Kulwa akaomba atazame. "Mwajuma wawili!" akapiga kelele. Nikamwongoza mkono, akazungusha taratibu. "Sasa mmoja." Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Na kesho nikimtazama Doto humu, nitawaona Doto wawili? Yaya, hapana! Mmoja tu amenishinda."

Shangazi alicheka hadi akakaa chini.

Jumanne saa mbili tulipata mchomoko, gari dogo la kuchangia, mpaka Bugarama. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu kwa sehemu kubwa, na kila lori lilipotupita dereva alifunga vioo, sote tukashikilia pumzi. Nilikuwa nimeifunga kamera kwa kanga mbili. Nilimwona Kulwa anapangusa viatu vyake kwa kidole kilicholowa mate, kimoja, kisha kingine, kisha tena cha kwanza.

Bugarama tulifika saa nne. Upande mmoja unaona uzio wa mgodi mkubwa, upande wa pili ni maduka, nyumba za kulala wageni na mashine za kusagia mawe ya dhahabu, ambazo huko huitwa karasha. Zinapiga kelele tangu asubuhi, na watu wamezoea kuzungumza kwa sauti ya kuzishinda. Mgahawa wa Doto tuliuona kwa moshi. Ni banda la mabati lenye benchi refu nje, na wachimbaji watatu walikuwa wanakunywa chai, nywele zao nyeupe kwa vumbi la mawe.

Doto alikuwa anakoroga maharage. Nilishtuka. Kichwa kile kile, mabega yale yale, hata namna ya kuinamisha shingo.

"Mwangaluka, Doto," Kulwa akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," Doto akaitikia, akiitazama sufuria.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mpiga picha? Karibu. Mpeni mgeni kiti." Mgeni huyo nilikuwa mimi. Dada yake hakuambiwa akae.

Kuku akapokelewa, chai ikaja, maandazi yakaja. Hakuna aliyelitaja jambo lililotuleta. Hatimaye mchimbaji mmoja aliyeitwa Masele, mtu mzima mwenye ndevu, akasema, "Mama Doto, picha inangoja. Sisi tunarudi duarani, shimoni kwetu, tunataka tuone kwanza."

Doto akafuta mikono, akakaa kwenye benchi, kushoto. Kulwa akakaa kulia. Kati yao angeweza kukaa mtu wa tatu mwenye mwili wake.

"Moja," Doto akanikumbusha.

Nilikuwa nimefunga lenzi ya hamsini na kikuzaji. Nikalenga jicho la Kulwa hadi likawa moja. Nikaangalia mistari: Doto ndani, Kulwa ndani, benchi ndani. Nikamshukuru Mungu, nikabonyeza.

Doto akaja mwenyewe kutazama. Nikamwona anabana macho, anasogeza kioo karibu, anakitenga mbali. Kwenye picha Kulwa alikuwa mzima, gauni na kila kitu. Doto alikuwa goti, mkono na nusu ya shavu.

"Umenikata," akasema polepole. Kisha akamgeukia dada yake. "Hata kwa kamera ya mjini, nimekatwa tena!" Akachukua upawa wake, akarudi kwenye sufuria.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Ningekuwa peke yangu ningelia. Niliitazama mikono yangu ilivyoshika kamera, na hapo nikaona: kidole changu cha kati, kwa mazoea ya kamera yangu kubwa, kilikuwa kimekiegemea kile kijiti. Lenzi ilikuwa ya hamsini, lakini mistari niliyoiamini ilikuwa ya thelathini na tano. Nilimpanga Doto ndani ya mipaka ya lenzi iliyokuwa begini.

Nikamfuata jikoni. "Bibi, kosa ni la kidole changu. Bibi Kulwa hana hatia."

"Nilisema moja," akajibu. "Imepigwa."

Niligeuka nimwite Kulwa tuondoke. Hakuinuka. Alikuwa amekaa pale pale, upande wake wa benchi, viatu vyake vimepangwa sawasawa. "Mimi nipo hapa," akasema. "Sijaja Bugarama kunywa chai."

Basi nikafanya nilichoweza kufanya. Nikafunga lenzi ya thelathini na tano. Nikatazama, mistari sikuiona yote kwa pamoja. Kikuzaji kilikuwa kimeisukuma ukingoni mwa upeo wa jicho langu. Nikakifungua nikakitia mfukoni. Sasa mistari ikaonekana yote, na ukingo wa kidirisha ukaonekana pande zote. Kidole nikakiweka mbali, nikakiangalia mara mbili. Nikalenga. Ndani ya mistari: Kulwa na nusu benchi tupu. Nje ya mistari, kushoto, palionekana mlango wa jiko, na Doto amesimama hapo na upawa, anamtazama dada yake akidhani haonekani.

Kwa kamera yangu ya kawaida nisingemwona. Ile hunionyesha kilichomo tu. Sikushusha kamera. Nikangoja.

Kulwa naye alikuwa anatazama mbele, si kwangu hasa. Akaanza kusema Kisukuma, kwa sauti ya kushindana na karasha. Nakisikia Kisukuma kuliko ninavyokisema.

"Doto, nilikudanganya. Niliposema sikumbuki, nilikuwa nakumbuka. Ile nusu yako niliitupa jalalani. Ulipoondoka nilikwenda kuitafuta. Nikakuta wamechoma."

Masele alishusha kikombe chake.

"Ulichakura jalala?" Doto akauliza kutoka mlangoni.

"Kwa mikono."

"Wewe? Usiyetaka hata kushika samaki?"

"Kwa mikono, gete, kweli kabisa."

Nilimwona Doto anasogea. Hatua moja, bado nje ya mstari. Ya pili, bega likaingia. "Usibonyeze bado!" akanifokea bila kunitazama. Akaingia mzima, akakaa, si pale pa mwanzo bali ubavuni kabisa, mpaka Kulwa akasukumwa kidogo. "Na vumbi lote hili usoni," Doto akanung'unika, akashika ncha ya kanga yake, akaanza kumpangusa dada yake paji la uso kama anayeosha mtoto. Kulwa akafumba macho. Nikakagua pande zote nne za mistari, viwiko, vichwa, viatu, upawa. Nikabonyeza.

Doto akakagua tena, kwa kidole. "Kichwa. Bega. Mkono. Goti. Mguu... wa pili uko wapi? Aa, huu hapa." Akanirudishia kamera. "Kulwa kafumba macho. Piga nyingine."

Tulipiga mpaka saa saba. Tulipiga wakiwa wamesimama, wakiwa na kuku, wakiwa na Masele katikati na kofia yake ngumu. Maharage yakaungua kidogo, wachimbaji wakala hivyo hivyo.

Jumatano asubuhi nilikuwa njiani kurudi. Shangazi Mwajuma alinipa chai Nyahanga, akataka kuhesabiwa kila picha na kuelezwa nani ni nani, na hata hivyo alikosea kila mara. Jioni nilikuwa Shinyanga.

Nilichojifunza kuhusu kamera ile ni kidogo lakini nimekishika. Mistari ni ya kuaminiwa baada ya kuuliza ni ya lenzi gani. Kikuzaji ni rafiki wa kulenga, kiondolewe ukihitaji kuona upana. Na kabla ya kubonyeza, tazama nje ya mstari, huenda mtu yuko njiani anakuja. La watu nililojifunza ni kwamba Kulwa alihitaji maneno machache tu, na ilimchukua miaka sita na benchi tupu kuyasema.

Nilirudi peke yangu. Kulwa alisema atabaki siku mbili. Sasa ni wiki ya tano, na wanawe wa Songwa wamekuja studio mara mbili kuniuliza nilimpeleka wapi mama yao. Juzi nikapiga simu Bugarama mbele yao. Akapokea Doto.

"Kulwa hawezi kuongea," akasema. "Anakoroga maharage, na anayakoroga vibaya."

Nyuma yake nikasikia sauti kama yake ikibisha, kisha wote wawili wakacheka, na simu ikakatwa.