Nafasi ya Kurudi Nyuma

Thadeus Mallya alizaliwa wa mwisho, na Uru nzima inajua maana yake. Wa mwisho ndiye anayebaki. Kaka zake walipopata akili walishuka Moshi mjini, walipozidi kupata akili wakafika Dar es Salaam, na yeye akaachiwa nyumba ya baba, migomba, kahawa, makaburi ya mababu nyuma ya zizi, na mama. Watu huiita hiyo bahati, maana kihamba, shamba la ukoo, ni chake. Mbuzi aliyefungwa kamba penye majani mazuri naye ana bahati yake, ila hatujasikia akipongezwa.

Kazi yake ni bwana mifugo. Asubuhi huwasha pikipiki na kupanda vijiji vya juu, atibu ng'ombe huyu, ampandishe yule mbegu kwa mrija, na kazi ikiisha mwenye nyumba humkaribisha sebuleni apate chai. Hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia. Wengine wakikaribishwa hutazama televisheni. Thadeus alitazama ukutani, na macho hayana pazia. Kila sebule ya mlimani ina ukuta wake: harusi, komunyo ya kwanza, babu wa studio amekalia kiti cha kuazima na mkono juu ya goti kama aliyeamriwa asipumue. Baada ya muda akaanza kuwatambua wapigapicha bila kuuliza. Huyu hupenda mwanga wa dirishani. Huyu huwapaka watu poda mpaka wanakuwa maandazi. Chai ilipoa mbele yake, na mwenye nyumba akadhani labda sukari haikutosha.

Siku moja alikwenda mjini kupiga picha ndogo ya leseni. Studio ilikuwa ya Maulida Hussein, mwanamke wa makamo aliyeirithi kwa baba yake, akaishi kwa picha za pasipoti na kupumua kwa picha nyingine, kubwa, nyeusi na nyeupe, alizopiga kwa mapenzi yake tu na kuziegemeza ukutani zigeukie ndani. Moja ilikuwa imegeuka vibaya. Thadeus akaona mwanamke wa Mabogini amesimama kwenye jaruba la mpunga, tope magotini, ametazama upande, mbali kabisa na kamera.

"Huyu ni ndugu yenu?" aliuliza.

"Si ndugu wa mtu. Ni picha tu," Maulida alijibu.

"Inauzwa?"

Maulida akacheka, kwa sababu tangu aanze kuzipiga hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Ndivyo Thadeus alivyoanza kukusanya. Alinunua moja, akanunua nyingine, akauza ndama akanunua kubwa zaidi. Akampata pia kijana wa Majengo anayechora sura za watu kwenye magunia ya kahawa, akamchukulia kazi zake mbili. Za twiga na mlima, zile wanazouziwa watalii, hakuzigusa. "Mlima ninao bure," alisema. Majirani walishangaa. Ukuta wa nyumba ya kihamba ni wa ukoo, nani anatundika sura za wapitanjia? Mama mmoja wa jumuiya aliyekuja kusali rozari aliuliza kwa sauti ya chini kama hao wote ni marehemu, na kabla hajajibiwa akapiga ishara ya msalaba, kwa usalama tu.

Alikuwa na sheria moja: hanunui mtu anayecheka. Anayecheka, alisema, amempa mpigapicha anachotaka, basi, mambo yameisha. Yeye alitafuta wale ambao mwili uko pale na akili imeshapanda gari. Wanaokaribia kwenda. Aliwatazama jioni, mmoja baada ya mwingine, na tuseme ukweli, aliwaonea wivu. Mke wake, aliyechoka kuolewa na mama mkwe akarudi kwao Arusha, alikuwa amewahi kumwambia hivyo hivyo, kwamba anawaonea wivu watu wa ukutani.

Iliyozipita zote ilikuwa ya Aikaeli. Aikaeli ni mwanamke mpagazi wa Machame, na Maulida alimpiga picha pale watalii wanapoanzia kupanda, begi kichwani, shingo imenyooka, wenzake wametangulia. Picha yenyewe ni ndefu kuliko mtu, hata studioni kwa Maulida palikuwa pafinyu kuitazama. Sebuleni haikuenea, dari ni fupi, hivyo ikaegemezwa chumbani kwa Thadeus, miguuni pa kitanda, na kati ya kitanda na picha hapapiti hata kuku. Kwa hiyo Thadeus alimjua Aikaeli kwa vipande. Akiamka aliona viatu. Akikaa aliona mkono ulioshika begi. Akisimama juu ya godoro aliona jicho moja. Aliwahi kuitoa uani, lakini migomba imeusonga ua pia, na kioo kilimrudishia majani na uso wake mwenyewe, na jua likamtisha kwamba litaifubaza. Akairudisha. Miaka yote hiyo alikuwa na picha bora kuliko zote Kilimanjaro na hajawahi kuiona nzima.

Mama yake, Salvina, alipatwa na kiharusi miaka michache iliyopita. Ulimi ukafunga, mkono wa kulia ukalala. Goodness, binti wa jirani, humwogesha na kumvalisha, lakini kulishwa anakubali kwa Thadeus tu, na usiku asiposikia kikohozi cha Thadeus upande wa pili wa ukuta hugonga kitanda mpaka akisikie. Tangu hapo Thadeus hajalala nje ya nyumba ile. Uzuri wa mama kukupenda ni mkubwa, ila una kufuli.

Mwaka huu mama mmoja mwenye nyumba ya sanaa Dar es Salaam alimwomba Maulida picha za maonyesho. Maulida akamwambia ukweli, kwamba nzuri zote ziko Uru kwa bwana mifugo. Yule mama akapanda ndege, akapanda mlima, akavua viatu mlangoni, akazunguka sebule ameshika kinywa. Alipofika kwa Aikaeli ilibidi apande kitandani.

"Hizi zote umechagua mwenyewe?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Basi sitaonyesha picha za Maulida peke yake. Nitaonyesha jicho lako. Na wewe uje, utuambie kwa nini huyu, kwa nini yule." Akanyoosha mikono kuonyesha ukubwa wa ukumbi. "Huyu wa chumbani tutamweka ukuta wa mwisho. Mtu ataingia mlangoni na kumwona mzima, toka mbali."

Thadeus hakusikia mengine. Toka mbali! Alitaka kitu hicho kuliko alivyowahi kutaka ng'ombe, mke au shamba. Wiki moja tu. Asimame mlangoni pa ukumbi ule, arudi nyuma kadiri apendavyo, na Aikaeli awe mbele yake toka begi mpaka viatu.

Alimpigia simu kaka yake mkubwa, Sirili, anayeishi Dar. Sirili si mtu mbaya, na hilo ndilo tatizo lake. Ni mwema kwa kila mtu aliye mbele yake kwa wakati huo.

"Wiki moja? Mdogo wangu, hiyo ni kuomba? Mimi ndiye wa kwanza kwa mama. Nitakuja nilale chumba chako, nimlishe mwenyewe."

"Ahadi ni deni, kaka."

"Nimesema nakuja. Shona suti."

Suti ikashonwa. Siku ya safari gari la nyumba ya sanaa lilifika asubuhi, Maulida ndani yake na vijana wawili wa kubeba. Goodness alikuwa amemvalisha mama kitenge kizuri na kumkalisha barazani. Sirili alitakiwa kufika jana yake, na simu yake haikupatikana. Thadeus alijiambia basi limeharibika njiani. Alijiambia hivyo huku akifunga begi lake dogo, akalifungua, akalifunga tena.

Aliyetokea njiani kati ya mibuni hakuwa Sirili. Alikuwa Baba mdogo Davis, mdogo wa marehemu baba yao, kofia kwapani. Mkononi alishika jani la isale, lile linalopandwa mipakani mwa vihamba, nalo lilikuwa limefungwa fundo.

Mchaga akikuletea isale lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, na msamaha huo haukataliwi. Mkono ukishalipokea, kosa limekufa. Hulifufui, hulidai, hulitaji hata kwa utani. Kulikataa ni kuita mabaya juu ya nyumba, na watu wamewahi kusameheana damu kwa jani hilo. Na leo limebebeshwa mzigo wa mtu asiyetaka kupanda basi!

"Shikamoo, Baba mdogo," alisema, na mikono yake miwili akaitia mifukoni mwa suti mpya.

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako amenipigia. Kazi zimembana, hawezi kuja. Anasema amekosa, tena amekosa sana. Anaomba mama asiachwe na mtu wa kuajiriwa, na nyumba isilale bila mwanaume." Akanyoosha jani. "Hili ni lake."

Thadeus hakutoa mikono. Maulida, aliyezaliwa mjini kwa watu wa mchanganyiko na hana kihamba popote, alimsogelea akamnong'oneza, "Si jani tu hilo? Panda gari twende."

"Kwenu ni jani," alisema Thadeus.

"Mwanangu, mkono wangu unachoka," alisema Davis.

"Uchoke, Baba mdogo. Mimi leo sina mikono."

Hakuna aliyewahi kumsikia Thadeus akimjibu mkubwa hivyo, hata yeye mwenyewe. Lakini mikono hakuitoa. Akiikaza mifukoni mpaka afike garini, amevuka. Aligeuka kweli, akashika njia, na pengine kitabu chake kingesomeka vingine kama barazani kiti kisingelia.

Mama alikuwa amejivuta mbele. Mkono wake wa kushoto, ule uliobaki hai, ulinyooka kuelekea kwa Davis, vidole vimefunguka. Davis alisita kidogo, akamtazama Thadeus, kisha akapanda ngazi na kuliweka jani pale. Vidole vikafumba.

"Mama amepokea," Davis alisema taratibu. "Nyumba imepokea. Yamekwisha."

Thadeus alimtazama mama yake. Je, alipokea kwa sababu Sirili ni kifungua mimba wake na hawezi kuona kosa lake likirudishwa? Au alijua vema kwamba jani lile lingemrudisha huyu barazani? Au alikuwa bibi mgonjwa tu, aliyeona kitu cha kijani akakitaka? Macho ya mama hayakusema, na ulimi haukuwa na kazi. Kutokujua ndiko kulikomuuma kuliko safari yenyewe. Akivunja neno la jani, anamvunja mama. Akatoa mikono mifukoni, akamsogeza mama nyuma kitini ili asianguke, akavua koti.

Picha ziliondoka bila yeye. Zilitolewa moja moja, sebule ikabaki na misumari. Aikaeli alitoka wa mwisho, amelazwa ubavu ili apite mlangoni, na vijana walipoteremka naye kati ya mibuni Thadeus alisimama barazani akamkodolea macho. Nafasi ilikuwepo, na umbali ulikuwepo. Ila walikuwa wamemfunga mablanketi na maboksi toka juu mpaka chini.

Siku ya ufunguzi simu iliita jua likizama. Thadeus alikuwa na bakuli la mtori wa ndizi mapajani, anamlisha mama. Aliyepiga ni Sirili, na nyuma yake zilisikika glasi na kicheko cha watu waliovaa vizuri.

"Mdogo wangu! Nipo kwenye maonyesho yako!"

Thadeus akampangusa mama kidevu.

"Nimesema haiwezekani ukoo ukose mtu. Nimekuwakilisha. Wameuliza nani wa Mallya, nikasimama nikawaambia kwetu tunapenda sanaa tangu zamani za baba. Wamepiga makofi, aisee!"

Baba yao alikuwa ametundika kalenda moja maisha yake yote. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walishasema, na huyu aliyekuwapo amejipatia hata la mwenziwe. Maneno yalimjaa Thadeus mdomoni, makali, yamepangana. Akamtazama mama, akayameza. Kosa lilikuwa limekufa, na haliruhusiwi hata kutajwa.

"Ile kubwa ya yule mama wa mizigo," Sirili aliendelea, "ukiwa karibu huoni kitu. Inabidi urudi nyuma, urudi, urudi mpaka mlangoni. Hapo unamwona mzima. Ulikuwa unalijua hilo?"

"Nilikuwa nakisia, kaka."

"Basi ni hivyo."

Thadeus akashusha kijiko. "Anaonekanaje?"

"Nani?"

"Aikaeli. Ukisimama mbali. Anaelekea kwenda, sivyo?"

Mara hii moja katika maisha yake Sirili alifikiri kwanza, na alijibu kwa moyo mweupe kabisa, kama ndugu.

"Hapana. Haendi popote. Anawatazama wenzake wanavyoondoka. Sikiliza, usinicheke, lakini nimemtazama nikakuona wewe, unavyosimama getini Januari, Krismasi ikiisha, sisi tukishapakia magari turudi mjini. Uso ule ule."

Thadeus alisema asante, kaka. Simu ilipokatika hakuiweka chini. Mama alikuwa amefungua mdomo, anasubiri, na alisubiri mpaka mtori ukapoa.