Skrubu Sita katika Ukuta wa Cimpunda

Bisimwa alipumzika mara tatu kabla ya kufika nyumbani kwa Maman Domitille. Mlima wa Cimpunda ulikuwa uleule aliokuwa akiupanda tangu ujana wake, lakini mwaka huo wa 1981 goti lake la kulia lilikuwa limeanza kukataa, na kifua chake, kilichomeza vumbi la mbao kwa miaka thelathini, kilipiga filimbi kila alipovuta pumzi. Mfukoni alikuwa na bisibisi moja tu. Alikuwa ameitwa kuja kung'oa kabati alilolijenga mwenyewe.

Fundi huyu alijulikana katika mtaa mzima wa Kadutu, wenye mlima ule, kwa makabati ya kujengewa ukutani. Watu walidhani ameiga mtindo wa nyumba kubwa za kando ya ziwa. Sivyo. Alipokuwa kijana, ukoo mmoja ulimpeleka Kavumu akafungue kabati la mjane aitwaye Monique. Mumewe alikuwa amezikwa juma lile, na kwa desturi ya ukoo ule nyumba ilibaki kwa watoto, bali vitu vyote vya kubebeka vilirudi kwa ndugu za marehemu. Bisimwa aliifanya kazi haraka na vizuri. Alipoinua macho, alimwona Monique katikati ya chumba kitupu, amekumbatia nguo za watoto, akitafuta mahali pa kuziweka.

Tangu hapo aliwaambia wanawake waliomwagiza kazi: kabati la ukutani ni ukuta, na ukuta haubebwi.

Ndivyo alivyomwahidi Domitille pia, miaka saba kabla ya siku hiyo. Kwenye karatasi za serikali jina lake la ubatizo lilikuwa limekatazwa, kama majina yote ya Kizungu wakati ule, lakini mtaani hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Mumewe, Théodore, alikuwa karani; yeye aliuza vitenge sokoni. Ukuta wa chumba chao ulikuwa umeinama, kama kuta nyingi za Cimpunda, kwa kuwa udongo wa mlima ule hautulii. Bisimwa alining'iniza timazi lake, uzi wenye uzito mwishoni, akaona ukuta umekuja ndani kwa vidole viwili. Basi akakata kila ubao wa libuyu, mti wa thamani wa msituni, kwa kuufuata mwinamo ule, akachonga, akajaribisha, akachonga tena, siku tisa, kutoka sakafuni hadi dari, mpaka wembe haukupita kati ya mbao na ukuta.

Kosa lake alilifanya siku ya mwisho. Misumari mirefu ingelifanya kabati lisitoke kamwe bila kuvunjwa. Lakini mwalimu wake wa useremala alikuwa akiwachapa wanafunzi waliopiga misumari kwenye libuyu, na mkono wa Bisimwa ulikataa. Alilifunga kwa skrubu sita zilizoingia kwenye vigingi ndani ya ukuta, akazifunika vichwa kwa vipande vidogo vya mbao ileile. Kinachofungwa kwa skrubu hufunguka. Alilijua hilo akanyamaza.

Sasa Théodore alikuwa amefariki. Kaka yake mkubwa, Placide, alikuwa amekuja na kamyoneti, na vitanda na viti vilikuwa vimekwisha kupakiwa. Shangazi yao, Anne-Marie, alikuwa ameketi juu ya mkeka. Ukoo ulimtuma asimamie ugawaji uende kwa desturi, ambayo hapa pia iliwaachia watoto nyumba.

Domitille alimpokea fundi mlangoni, mikononi amebeba nguo za watoto alizozitoa kabatini.

"Papa Bisimwa, weye njo uliniambia ukuta haibebwi."

"Nilisema vile, maman."

"Na leo umekuja na kitu gani?"

Alimwonyesha bisibisi. Angeweza kukataa kuja. Lakini Placide alikuwa amesema kwamba fundi asipopatikana ataleta shoka, na uchovu ukamshauri Bisimwa kwamba ni afadhali kabati lifunguliwe kuliko lipasuliwe.

"Shemeki, acha muzee apite," Placide alisema akicheka. "Sikia magoti yake! Inalia sawa mulango ya kanisa. Papa, utie mafuta!"

Bisimwa alifungua milango ya kabati, akabandua vile vipande vya mbao, akaanza na skrubu ya juu. Ilitoka bila ubishi. Ya pili iligoma. Aliiegemea kwa uzito wake wote, nayo ilipozunguka, ukuta ulitoa sauti kama ya mtu anayesafisha koo. Udongo ulimwagika begani kwake, na ufa mwembamba ukashuka kutoka darini.

Alisimama. "Maman, unipatie uzi."

Aliifunga ile skrubu ya kwanza kwenye uzi, akauning'iniza ndani ya kabati, upande wa kutundikia nguo, ambako mgongo wa kabati ulikuwa ukuta wenyewe, kutoka juu ya ukuta. Akapima chini kwa mkono, kati ya uzi na ukuta. Vidole vinne, na nusu; siku ya kulijenga vilikuwa viwili.

"Ukuta inakuja," alisema polepole. "Mulima inaisukuma. Ile kabati njo inaishika."

"Uongo!" Placide aliruka. "Mumepangana na shemeki."

"Basi kuja uweke mukono hapa."

Placide aliweka kiganja juu ya ufa. Bisimwa alizungusha bisibisi robo tu. Tofali lilisogea chini ya kiganja, na Placide akaruka nyuma hadi mlangoni.

"Rudisha! Rudisha, muzee!"

Bisimwa alirudisha. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, shangazi Anne-Marie alifungua kinywa.

"Placide, huu ukuta ni ya nani?"

"Ni ya batoto, tante."

"Ukiiangusha, nitaenda kusema nini mbele ya bazee? Funga bitanda byako kamba, tuende."

Placide aliitazama libuyu mara ya mwisho, akapitisha kidole juu yake. "Mbao ya muzuri sana," alinung'unika, akatoka.

Kamyoneti ilipokuwa ikiteremka, Bisimwa alikaza skrubu ya pili, kisha akairudisha ya kwanza mahali pake. Domitille hakumshukuru.

"Kama ingefunguka muzuri," aliuliza, "ungeitoa?"

"Ningeitoa, maman."

Domitille alianza kurudisha nguo kwenye rafu, moja moja, kwanza za mdogo.

Bisimwa aliketi kizingitini akikanda goti. "Juma ijayo nitarudia na miti mbili ya kutegemeza ukuta kwa inje," alisema. "Mbele mvua ianze."

"Utaweza kupanda tena huu mulima?"

"Nitapanda." Akakohoa, akafuta mdomo kwa mkono. "Na nitaleta misumari."