Shujaa wa Nyota Moja

Nianze na lile linalonitia kinyaa zaidi: nilikuwa hodari. Katika ile gemu ya kujenga ufalme kwenye simu, ngome yangu ilikuwa na kuta za mawe na ghala lililojaa ngano kabla mume wangu hajamaliza lango la mbao. Yeye ndiye aliyeniwekea. Anafundisha shule ya mbali, huko Nuu, nami niko nyumbani Kathonzweni na shamba na mbuzi, akasema tukicheza ufalme mmoja hatutahisi umbali. Maneno matamu hayo. Haukupita mwezi tukawa tunapigiana simu kuulizana habari za mashujaa, na habari za watoto zinakuja mwishoni, tukikumbuka.

Mbinu za ile gemu bado ninazo kichwani na ningependa zitoke. Usigawe chakula kwa mashujaa wote. Chagua watatu, uwashibishe hao. Shujaa aliyechoka usimtume, atarudi mikono mitupu. Kabla ya kumtuma mtu kazini, linganisha nguvu atakazotumia na zawadi iliyoko mwisho wa kazi. Zawadi ikiwa ndogo, achana nayo, hata kama wanakijiji wa kwenye kioo wanalia. Na wale mashujaa wa nyota moja, wanaokuja bure kila asubuhi, usiwafuge. Unamshika mmoja kwa kidole, unamburuta mpaka kwa shujaa mkubwa, mdogo anayeyuka na mkubwa anaongezeka nguvu. Yaani unamlisha mtu kwa mtu. Nilikuwa nikifanya hivyo huku nakunywa chai.

Mwaka huohuo nilikuwa katibu wa mwethya wetu. Mwethya ni kikundi cha kazi: sisi watu ishirini, kila mmoja na jembe lake, leo tunachimba mitaro ya kuzuia udongo kwako, wiki ijayo kwangu, mpaka duru iishe. Mwenye shamba anapika. Zamu hupangwa kwa kura, daftari hukaa kwa katibu, na hakuna anayerukwa.

Basi akaja afisa mmoja wa kilimo, akasema kikundi kitakachochimba mitaro mirefu zaidi kabla ya mvua ya Novemba kitapewa wilibaro. Mwenyekiti wetu alimeza mate waziwazi. Nami nilisikia moyoni ule mlio wa gemu, ule wa kazi mpya ikifunguka.

Zamu iliyokuwa inafuata ilikuwa ya susu mmoja, yaani bibi mzee, mjane, jirani yangu. Shamba lake dogo liko kwenye mteremko mkali, mawe kila mahali. Pale watu ishirini wangehenyeka siku nzima wapate mitaro miwili mifupi. Shamba la mwenyekiti ni tambarare, udongo laini. Halikuhitaji hata mtaro mmoja, lakini lilichimbika haraka, na kilichopimwa na afisa ni urefu.

"Chairman, kwa susu tutapoteza nguvu bure," nilimwambia. "Tuanze na kwako."

"Na susu?"

"Tumweke mwisho wa duru. Hata hivyo yeye mwenyewe hachimbi sana."

"Sekretari, wewe uko na kichwa," akasema, na mimi mjinga nikatabasamu.

Hachimbi sana. Yule mama hakuwahi kukosa zamu ya mtu. Alikuja na jembe lake la mpini mfupi, akachimba polepole, na jioni alikuwa bado anachimba wakati vijana wameshanawa miguu. Lakini mimi nilishamhesabia nyota zake.

Mabadiliko ya zamu niliyatuma kwenye kikundi cha simu. Susu ana simu ndogo ya kubonyeza, haipokei mambo hayo. Nilijua. Niliona uvivu kutembea mpaka kwake, na ni mwendo wa kumaliza kutafuna kipande cha muwa.

Siku hiyo tulichimba kwa mwenyekiti tukipiga vigelegele, mitaro ikanyooka kama reli. Jioni nikirudi nilipita kwa susu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria kubwa, ile ya kuazima kanisani, imejaa muthokoi, mahindi ya kukoboa. Alikuwa ametwanga yale mahindi kwa siku mbili, peke yake, akayapika na maharagwe ya watu ishirini.

"Mmepotea njia?" akaniuliza.

"Tulibadilisha, susu. Tulianza kwa chairman."

Akafikiri kidogo. "Kwani kwa chairman kuna mteremko?"

Akanipakulia sahani. Nami nilikula, tena nikamaliza, kwa sababu nilikuwa na njaa. Kesho yake harufu ya kile chakula kilichochacha ilifika mpaka kwangu, na siku ya tatu bado nilikuwa naisikia nguoni, ingawa najua haikuwa nguoni.

Zamu ya mwisho wa duru haikufika. Mvua iliwahi, ikapiga siku nne bila kupumzika. Udongo wote wa juu wa yule mama ulishuka pamoja na ndengu alizokuwa amezipanda kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu. Baadaye tuliziona zimeota kwenye mfereji wa barabara, kijani kizuri, mbuzi wa watu wakizila. Kikundi chetu kilipata wilibaro tatu. Ziko kwa mwenyekiti. Kuku wake wanataga ndani yake.

Gemu niliifuta. Mume wangu alipiga simu kutoka Nuu akilalamika kwamba ufalme wetu umevamiwa. Nikamwambia wacha uungue, na akakasirika kweli, mtu mzima.

Duru mpya ilipoanza, kura ya kwanza iliniangukia mimi. Niliomba Mungu susu asije, ndivyo nilivyo muoga. Alikuwa wa kwanza kufika, jua halijawa kali, na lile jembe lake fupi begani.

"Susu, zamu hii si yangu," nikamwambia. "Nakupa wewe. Leo twende wote kwako."

Alinitazama bila hasira. Hasira ningeipokea vizuri zaidi.

"Mkachimbe nini, mwana wakwa? Huko kumebaki jiwe."

Kisha akavua viatu, akaviweka vizuri pembeni ya ua, akaniuliza aanzie wapi.