Kilio cha Mazoezini Kilichozuia Mitumbwi Kibirizi

Saa moja asubuhi. Mwaloni Kibirizi, ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, Eufrasia Jeremia ameinama juu ya chanja, anatandaza dagaa kwa viganja viwili. Kila mara anatupia jicho banda la kamati ya mwalo. Saa tatu ataitwa humo, na wazee wataamua kama utafiti wake uendelee au ufe.

"Wakinifukuza, nimekwisha," anasema.

Ana miaka thelathini na mmoja. Kibarua cha kuanika dagaa, shilingi elfu sita kwa siku, ndicho kinachomsomesha mwaka wa tatu wa sanaa za maonyesho chuo kikuu. Mwaka huu kila mwanafunzi lazima afanye utafiti wa kujitegemea: achague mada, atunge igizo pamoja na wahusika wenyewe, kisha msimamizi aje alitazame. Wenzake wamekimbilia ngoma za harusi. Yeye akachagua wanawake ambao waume na watoto wao hawakurudi kutoka ziwani. Msimamizi anafika Jumamosi.

Basi juzi jioni, wavuvi wakijiandaa kuondoka, Eufrasia na wanawake sita walikuwa mazoezini nyuma ya chanja. Ikafika zamu ya Leonia, mwanika dagaa mwenzake, anayeigiza mama wa mvuvi. Leonia akaangua kilio. Loo! Kilio kile kiliwasisimua mwili wote waliokisikia.

Sasa hapa mwaloni kuna desturi: kilio cha msiba kikisikika, hakuna mtumbwi unaoondoka siku hiyo. Wavuvi wakazima injini, wakateremka. Akinamama wa sokoni wakaja mbio, khanga viunoni. Wakakuta daftari, simu inarekodi, na mwanafunzi wa chuo ameduwaa.

"Mtu aliyezaliwa hapa hapa anasahau kutuarifu kwamba kutakuwa na kilio!" akafoka Mzee Sefu, mwenyekiti wa kamati, kesho yake asubuhi. "Tumelala bila kuvua kwa sababu ya mchezo?"

Eufrasia hajitetei. "Nilizama kwenye mambo ya chuo mpaka nikajisahau," anasema. "Aibu ile, nilitamani ardhi ipasuke."

Saa tatu anaingia bandani, anawaamkia wazee, anapiga magoti. Wanaitikia kwa shingo upande. Mvuvi mmoja, Pastory, hataki hata kumtazama.

"Kilio hakifanyiwi mzaha," anasema Pastory. "Afunge daftari lake aende zake."

Wengine wanaguna kukubali. Miaka mitatu ya masomo, hivi hivi inamponyoka.

Hapo Leonia, aliyekuwa amesimama mlangoni na magamba ya dagaa bado mikononi, anaingia bila kuitwa.

"Msimwonee huyu. Mimi sikuigiza," anasema. "Huu mwaka wa nne tangu mwanangu Martini azame. Mwili haukuonekana. Mliniambia nisubiri, mtoto haliliwi kabla hajapatikana. Nimesubiri, jamani. Juzi kikanitoka."

Pastory, aliyekuwa akivua kwenye mtumbwi mmoja na Martini, anavua kofia yake. Machozi yanamtoka na wala hayafuti.

Mzee Sefu anamgeukia Leonia. "Kumbe mitumbwi haikulala bure, Mama Martini. Ilikuwa siku ya mwanao, na sisi tukagomba."

Ruhusa inatoka. Zaidi ya hapo, kamati itatangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na kilio, hivyo hakuna atakayevua.

Nje, Eufrasia anaketi kwenye mchanga. Anafungua daftari na kukata jina la Leonia kwenye orodha ya waigizaji.

"Mama wa mvuvi nitamwigiza mimi," anasema. "Mama Martini tutamtandikia mkeka mbele, akae kama mfiwa. Kila anayekuja kutazama, kwanza apite kwake ampe pole, ndipo tuanze. Na msimamizi wangu akifika, naye atapanga foleni."