Uyoga wa Kwanza ni wa Nani

Nilipokuwa wa umri wa kutumwa chumvi kwa jirani na kusahau njiani nimetumwa nini, nilikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza. Bibi yangu alisema mdomo wangu ulizaliwa kabla yangu. Niliishi naye kijijini, upande wa Kichiwa, kwa sababu wazazi wangu walikuwa Makambako wakihangaika na biashara ya mbao. Nyumbani tulikuwa wanne tu: Bibi, Baba mdogo, mke wake aliyekuwa ameolewa kwetu mwaka wa kisa hiki, baada ya mavuno, na mimi na maswali yangu.

Mahali pekee ambapo maswali yalikatazwa ni msituni, wakati wa kuchuma uyoga. Siku hizi msitu ule ni hifadhi, una bango na walinzi, na akina mama huingia kwa ruhusa. Wakati ule ulikuwa na Bibi. Mvua zikishika, mahindi yakiwa bado hayajafika magotini na maharage ya mwaka uliopita yakiwa yanakwangua chini ya debe, uyoga ndio ulikuwa nyama yetu, na Bibi ndiye aliyejua upi ni nyama na upi ni msiba.

Akifika ukingoni alivua kandambili, akasema "Kamwene", salamu ya kwetu, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, akasubiri kidogo, kisha akaingia. Ndani hakuna kumwita mtu jina wala kunyoosha kidole. Uyoga wa kwanza kuonekana huachwa pale pale, hata ukiwa mnono kuliko yote utakayouona siku hiyo. Niliwahi kumuuliza anaachiwa nani. "Mwenyewe," akanijibu. Mwenyewe nani? Hapo ndipo aliponiambia habari ya mdomo wangu.

Na juu ya sheria hizo zote kulikuwa na moja kubwa: usichume uyoga huku umemfungia mwenzako moyo. "Uyoga haupandwi, hauna mbegu unayoiona," Bibi alikuwa akisema. "Umelala, umeamka, upo. Kitu kama hicho kinakuona mpaka ndani." Uyoga uliochumwa na moyo uliofungwa, alisema, hugeuka mchungu sufuriani. Mimi nilitamani sana kuliona jambo hilo, ila nilitamani litokee kwa jirani.

Kila mama pale kijijini alikuwa na pahali pake pa kuchuma, na mkwe hapajui mpaka mama mkwe wake ampeleke. Pa Bibi palikuwa ng'ambo ya kijito, nyuma ya jiwe lenye ukoga wa kijani, chini ya miti ya mikusu. Huko uliota uyoga wa rangi ya kiini cha yai, unaonukia kama tunda. Alikuwa amempeleka mama yangu, halafu mama yangu akahamia mjini. Sasa ilikuwa zamu ya Mama mdogo, na majirani walikuwa wanatazama. Bi harusi asiyepelekwa msituni anajua kwamba bado ni mgeni.

Mama mdogo alitoka Makete. Alikuwa mpole, mchapakazi, na mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Usiku alinisimulia baridi ya kwao, eti maji ya asubuhi yanauma meno. Nilimpenda kwa sababu alijibu maswali yangu yote, hata yale asiyokuwa na majibu yake.

Asubuhi tulipotoka, yeye alibeba kikapu kipya. Bibi alibisha hodi yake, tukaingia, tukafika mahali ambapo njia inagawanyika. Nikaelekea kijitoni kama kawaida yetu. Bibi akakata upande mwingine, kuelekea mpakani mwa msitu, kwenye misindano, ile misonobari iliyopandwa na watu.

"Bibi, mbona hatupiti njia yetu?"

Akanifinya mkono hivi, kwa kucha, bila kunitazama. Nikamfuata. Chini ya misindano palikuwa na giza, na majani yake makavu yalikuwa yamefunika kila kitu. Tulipata uyoga wa kahawia unaofanana na mmoja tuliouzoea, na mwingine mchache wa hapa na pale. Bibi aliuinamia, akaunusa, akaupeleka karibu na macho, akaupitisha. Mama mdogo alishukuru kwa kila mmoja kana kwamba amepewa kuku.

Mchana aliupika kwa kitunguu na karanga za kutwanga. Harufu ilikuwa nzuri kabisa. Baba mdogo akamega tonge la kwanza, akachovya, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Mimi nikaonja. Ulikuwa mchungu kama zile dawa za malaria za zamani, uchungu unaopanda mpaka masikioni.

Bibi alionja kidogo, akatema, akafunika sufuria.

"Kuna mtu amefunga moyo," akasema.

Hakuna aliyemtaja mtu, lakini macho hayana adabu. Yote yalimwendea Mama mdogo.

"Mama, mimi sina kitu," akasema.

"Sijasema ni wewe."

"Lakini mnaniangalia mimi." Akaweka chini mwiko. "Kama msitu umenikataa, nirudisheni kwetu Makete leo, kabla majirani hawajasikia."

Baba mdogo alikuwa bado na tonge mdomoni. Mimi nilijisikia vibaya mno, kwa sababu kile nilichotamani kukiona sasa nilikuwa nakiona, na kilikuwa kinamchukua mtu niliyempenda.

Bibi akaagiza maji. Kwetu jambo la moyoni hutolewa hivi: unalisema, unapiga funda la maji, unayapuliza mlangoni, na likishatoka halirudiwi tena. Kikombe cha bati kikaanza kuzunguka.

Baba mdogo alisema ana kinyongo na Bibi kwa kumwita jina lake la utotoni mbele ya wakwe. Akapuliza. Siku nyingine ningecheka.

Mama mdogo akakipokea kikombe. "Namkumbuka mama yangu kila asubuhi," akasema. "Kama huko ni kufunga moyo, basi nimefunga." Akapuliza, na maji mengine yakamshukia kifuani.

Kikombe kikafika kwangu. Mtoto naye hupewa, maana mtoto naye ana moyo. Nilitafuta hasira yangu, nikaipata karibu tu, kwenye mkono.

"Nina hasira na Bibi. Alinifinya msituni."

"Alikufinya kwa nini?" Baba mdogo akauliza.

"Nilimuuliza mbona hatupiti njia yetu."

Nikapuliza maji yangu kwa nguvu zote, nikaona fahari kwamba yamefika mbali. Nilipogeuka, hakuna aliyekuwa akiyatazama. Mama mdogo alikuwa anamtazama Bibi. Alikuwa ameelewa.

Bibi alikichukua kikombe mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

"Nilimpitisha mbali," akasema. "Sikumpeleka pangu. Wa kwanza nilimpeleka, akajua kila kitu, akaondoka. Nikasema na huyu nikimwonyesha, nitabaki na nini cha kuombwa? Mtu asiyeombwa kitu anasubiri kuzikwa tu." Akapiga funda. "Mwanangu, msitu haujakukataa. Mimi ndiye niliyekukataa."

Akapuliza. Mama mdogo alipiga magoti akamshika miguu, na wote wawili wakalia. Sufuria tuliimwaga nyuma ya nyumba, na siku hiyo tulikula ugali kwa chumvi.

Kesho yake tulirudi. Njia ilipogawanyika tulielekea kijitoni, na kwenye jiwe la ukoga Bibi akasimama pembeni, akamwambia mkwe wake, "Tangulia wewe." Nyuma ya jiwe, chini ya mikusu, palikuwa pa njano tupu.

Nimekua, na ugonjwa wangu haujapona. Juzijuzi nilipiga picha ya uyoga ule wa chini ya misindano kwa simu, nikamwonyesha mtaalamu mmoja wa misitu pale Njombe. Alifurahi kweli kuuona. Akanieleza kwamba uko wa namna hiyo, mchungu wa kuzaliwa, hauui lakini mmoja tu unaharibu sufuria nzima, na moyo wa mchumaji hauhusiki. Nilimwamini, na namwamini mpaka leo. Lakini kwenye basi la kurudi Makambako nilikuwa najiuliza uyoga ule uliingiaje kwenye kikapu chetu. Uliingia kwa sababu tulikwenda kwenye misindano, mahali ambapo Bibi hakupazoea. Na tulikwenda huko kwa sababu alikuwa amefunga moyo. Kwa hiyo Bibi alisema kweli, ila hakujua kwamba alikuwa anajisema.

Bibi tulishamzika. Mama mdogo sasa ana mvi, na mwanawe ameoa binti wa Lugarawa. Mvua za mwaka huu nilikwenda kuwasalimia, nikawafuata msituni, wao mbele, mimi nyuma. Njia ilipogawanyika Mama mdogo alisimama. Akatazama upande wa misindano, akatazama kwa muda ulionitia hofu. Nilikuwa na swali mdomoni, nikalimeza. Kisha akashusha pumzi, akashika njia ya kijitoni, na kwenye jiwe akasogea pembeni.

"Tangulia wewe," akamwambia binti.

Binti akapita. Mara akaona wa kwanza, mkubwa, wa njano, akainama kwa furaha. Mama mdogo akamshika mkono taratibu.

"Huo uache, mwanangu. Huo ni wa Mama."

Sikumuuliza mama yupi.