Bunduki Nyepesi Iliyolemea Mikono

Enzi zetu, sisi watoto wa mtaa wa Fordsburg tuliozaliwa na wazazi wahamiaji kutoka Bukavu, midoli yetu ilikuwa maranda ya mbao. Papa, baba yetu, alichonga vitako vya bunduki za wawindaji katika karakana ya Mzungu mmoja, nasi tuliishi chumba cha nyuma. Tukitoka shule tulining'iniza maranda masikioni yakawa hereni, tukala magwinya, maandazi yanayochuruzika mafuta, na Mama alipotuita kwenye sombe yake ya majani ya muhogo tulikuwa tumeshashiba. Hata sare zetu zilinuka vanishi. Watoto wa leo wakinusa kitu, ni chaja inayoungua.

Lakini kumbukumbu inayoninyima raha wiki hii ni ya bunduki moja ya mitutu miwili. Mwindaji mmoja mzee, mabega yake yameanza kuchoka, aliagiza atengenezewe nyepesi ya kuwindia nyati. Ilikuwa bunduki ya kwanza Papa kukabidhiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Akakomba mbao ndani ya kitako, akapima kwenye mizani, akakomba tena, uso unamng'aa. Mama akawa anaimba jikoni, na sisi tukatembea kwa maringo mtaa mzima.

Mzee akaja, akaiinua begani, akaishusha. Akasema ni nzito kuliko yake ya zamani. Papa akamwonyesha mizani. Mzee akamjibu kwamba nyati hangoji mizani. Kumbe kitako kilipobaki kitupu, uzito wote ulikuwa mbele, mitutu ikainama kama kichwa cha mtoto anayesinzia kanisani. Mwenye kuibeba angechelewa kulenga, na mbele ya nyati kuchelewa ni kufa.

Baada ya hapo utani uliisha nyumbani. Papa aliirudia mitutu, akipunguza chuma kidogo kidogo kwa tupa, maana chuma kikishatoka hakirudi.

"Uzito haipoteake, inahamaka tu," alituambia kwa Kiswahili cha Bukavu, akionyesha toka kitako hadi mitutu, kisha akatufukuza.

Mizani hakuigusa tena. Aliilaza bunduki juu ya viganja, macho kayafumba, akitafuta pale inapotulia. Mzee aliporudi aliiinua, akaishusha, akaiinua tena, akasahau kuishusha. Papa akatoka nje kujifuta uso. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Leo anayefanya kazi kwenye meza ya Papa ni mimi. Nimemaliza bunduki ya mitutu miwili ya mteja nisiyemjua hata sura. Alitaka ipunguzwe uzito, akaomba picha ya mizani. Nikamtumia, akajibu kwa picha ya kidole gumba. Ataipokelea huko huko porini anakowinda nyati.

"Mama, mizani haidanganyi, eish," ananiambia mwanangu. "Iko sharp, haina kasoro, itume tu."

Yeye hata viatu hununua bila kuvijaribu, halafu huchechemea mwezi mzima akisema ndiyo mtindo.

Mimi kukaa siwezi. Naiinua, naiweka, naiinua tena. Kwangu inatulia vizuri, ila mikono yangu si ya mteja, na nyati atamkabili yeye. Zamani mtu alikuja karakana na mabega yake, akasimama mbele yako, ukamwona anavyopumua. Siku hizi tunaletewa namba. Asubuhi nimemwandikia tena: njoo uishike kwanza. Alama za ujumbe zimegeuka buluu, ameusoma, jibu hakuna.

Gari la kuichukua limefika, limepiga honi langoni. Nimemwambia dereva aende mikono mitupu.