Majiko Kumi na Matano Juu ya Jiwe Moja

Wale akina mama niliolala nao kisiwani wakinikuta Mabatini, mjini Mwanza, hunikumbatia, nami huwakumbatia, lakini ieleweke kwamba sijawasamehe. Naandika haya mtoto akiwa amelala, kwa hiyo nitasema haraka na sitapamba.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuambia "afya". Hakuna mwenyeji. Wavuvi wa dagaa hupiga kambi pale wakati wa giza, yaani zile siku ambazo mwezi hauwaki, kwa sababu dagaa hufuata taa za karabai na penye mbalamwezi taa haina kazi. Sisi wanawake tunawafuata wavuvi. Tunanunua dagaa alfajiri, tunaanika juu ya mawe, tunakaa wiki nzima mpaka magunia yajae, ndipo tunarudi Mwanza. Zamani tulikuwa wachache. Halafu serikali ikasema kila mtu afanye biashara, na kila mtu akaifanya ileile. Karani, mke wa karani, mwalimu, na mimi niliyemaliza kidato cha nne nikapata cheti kizuri ambacho hakuna ofisi iliyotaka hata kukishika. Baba wa mtoto alikuwa amevuka kivuko cha Busisi kwenda kutafuta dhahabu. Dhahabu mpaka leo haijamwona.

Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe, na mtumbwi wangu. Nimezaliwa visiwani, kupiga kafi nilijua kabla ya kufunga kamba za viatu. Mtoto wa miezi minane mgongoni, magunia matupu miguuni, na mbele ya mtumbwi mzigo wa kuni kutoka Kiseke. Watu walinicheka.

"Mama, unapeleka kuni porini?"

"Napeleka. Kwani zinakuuma?"

Tatizo la kisiwa kile ni malazi. Mahali pakavu ni pamoja tu: bamba la jiwe lenye urefu wa hatua thelathini, na juu yake limeegemea jiwe jingine kubwa kama nyumba, hivyo mvua haifiki na upepo unapita pembeni. Tulipaita Barazani. Ukikosa Barazani unakwenda bondeni, ambako maji yanachuruzika chini ya mkeka na anaishi kenge mmoja mrefu kama benchi la shule, asiyemwogopa mtu. Na mwanangu alikuwa na kifua. Anakohoa kama mzee mvuta tumbaku. Nikimlaza bondeni siku moja tu, ni kufunga safari na kurudi nyumbani, na giza lote lipite bure, na sisi tule cheti changu.

Desturi ilikuwa moja, na ilitosha: mahali ni pa mwenye moto. Panga mafiga yako matatu, washa, na maadamu majivu yana joto, hapo ni kwako. Yakipoa, yeyote anaruhusiwa. Nilifika wa kwanza. Nikapanga mafiga pale katikati, nikawasha, nikafukia makaa vizuri, nikaenda ufukweni kununua dagaa.

Nilirudi nikakuta mikeka kumi na minne.

Walikuwa wamekuja kwa boti ya injini: kikundi cha akina mama kutoka mjini, wana vitenge vya sare na sufuria moja kubwa ambayo ungeweza kumwogeshea ndama.

"Shikamooni," nilisema, maana nimelelewa.

"Marahaba, mama mtoto. Mzigo wako tumekuwekea vizuri kule bondeni."

"Nani kawaambia muuguse?"

"Jiko lilikuwa limepoa," alisema kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya kengele.

Niliinama nikatia mkono. "Limepoa au limemwagiwa maji? Mbona majivu yameloa?"

"Umande huo," alisema mwingine.

"Saa nne hii, umande?"

"Umande wa ziwani huchelewa."

"Halafu, dada," kiongozi alisema kwa upole wa kunitukana, "wewe uko peke yako. Sisi ni kumi na wanne. Tena kikundi kimesajiliwa."

"Mimi nina mtoto."

"Naye amesajiliwa?"

Wakacheka wote kumi na wanne. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kambi nikiwa nimekunja kitenge.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa ofisi aliyepunguzwa kazini. Alitoka huko na filimbi, mhuri, na kidau cha wino kilichokauka, na vyote alivitumia kila siku. Alikuwa akipiga mhuri usioacha alama, kisha anapuliza ili wino ukauke.

Nilimwambia: "Mwenyekiti, haki haiwezi kuwa ya wengi tu. Wale wanakula sufuria moja, na mimi nakula sufuria moja. Kila jiko lipewe sehemu sawa."

Msinifanye mtakatifu. Nilijua ninachofanya. Wao kumi na wanne walikuwa na jiko moja.

Mwenyekiti alipenda neno "sawa", kwa sababu kitu kilicho sawa kinapimika. Akachukua ubao wa kreti, akaandika kwa mkaa: JIKO MOJA, HATUA MBILI. Akagonga mhuri, akapuliza. Akaja Barazani akapima hatua zake mbili kwangu, na hatua mbili kwa kikundi kizima. Mwanangu alijinyoosha kama mkurugenzi. Wao walijipanga kwa ubavu, na jiwe lililobaki likakaa tupu, maana halikuwa na jiko. Asubuhi niliwakuta bado wamepangana, na kiongozi akitoa amri: "Geukeni!" Wakageuka wote kwa pamoja, isipokuwa mmoja aliyelala usingizi, akapigwa viwiko na pande zote mbili. Nilifurahi mno. Nilimnyonyesha mtoto huku nimewakodolea macho.

Lakini wale nao si wajinga. Nilipotoka kuanika dagaa, nikarudi, Barazani palikuwa panafuka moshi kama tanuru la matofali. Walikuwa wamepasua undugu wao. Majiko kumi na manne, kila mama na mafiga yake, na langu la kumi na tano. Kwa kuwa sufuria ilikuwa moja, wengine walipikia kikombe, mwingine mfuniko, mwingine kopo la mafuta ya kujipaka.

Mwenyekiti alikuja kukagua, filimbi mdomoni.

"Hapa kunapikwa nini?"

"Maji, mwenyekiti."

"Na hapa?"

"Karanga."

Akachungulia. "Naona moja."

"Mimi silagi sana."

Akafika kwenye jiko la nne. Kikombe kitupu juu ya moto. "Na wewe?"

"Mimi nimefunga."

"Na kikombe?"

"Nacho kimefunga."

Nilipiga kelele kwamba huu ni wizi wa mchana. Mwenyekiti akatoa kanuni ndogo: jiko lisilo na chakula cha kumshibisha mtu halihesabiki. Na atajuaje? Atakula. Basi kila mama akapika kweli. Mwenyekiti akazunguka na kijiko chake kutoka jiko hadi jiko, ugali wa mtama, uji, viazi, dagaa wabichi nusu, majiko kumi na matano asubuhi na kumi na matano jioni, na kila alipomeza aligonga mhuri. Siku ya pili ya kuonja alikuwa amelala chini ya mtumbwi wake uliopinduliwa, akikagua kwa kuitikia tu.

"Jiko la tisa limepika?"

"Limepika!"

"Usiniambie nini!"

Barazani pakajaa, kila mmoja na hatua zake mbili, na mimi sikuwa nimepoteza zangu, kwa hiyo mngetegemea ninyamaze. Lakini moshi! Mwanangu alikohoa zaidi kuliko ambavyo angekohoa bondeni. Na kisiwa hakina miti ya kuitwa miti. Mioto kumi na minne ilikula magogo yaliyotupwa na maji, ikala vichaka, ikala benchi la wavuvi. Siku ya tatu ikala ubao wa kreti.

"Nani amechoma sheria?" Mwenyekiti alilia kutoka chini ya mtumbwi.

"Ilikuwa kavu," mama mmoja alijibu.

"Haidhuru. Iko kichwani."

Mimi nilikuwa nimekalia kuni zangu za Kiseke. Nilikula juu yake, nikamnyonyesha mtoto juu yake. Huku nikiwasikia wenzangu wakigombana, maana tangu waache kupika pamoja ndipo ilipojulikana nani anamaliza unga mapema na nani alikuwa akilia kila siku kwamba anapunjwa wakati yeye ndiye mlaji. Mchana wa siku ya nne, mawingu meusi juu ya ziwa, kiongozi alinijia na kigae mkononi. Sauti ya kengele ilikuwa imeshuka.

"Mama mtoto, naomba moto."

Kwetu moto haunyimwi. Hata adui akija na kigae unampa kaa. Nilimpa. Akalitazama.

"Sasa nitaliweka wapi? Sina hata kijiti."

"Lisajili," nilimwambia.

Kwanza alinuna. Halafu akacheka mpaka akadondosha kaa, nami nikacheka ingawa sikutaka. Mtoto akaanza kukohoa kwa moshi wa kaa lile. Kiongozi akamchukua bila kuniomba, akamtia kifuani ndani ya kitenge, akageuka akawaambia wenzake: "Zimeni hayo makorokoro yenu. Leteni sufuria."

Basi wakaleta unga wao, nikatoa kuni, sufuria ya ndama ikakaa juu ya mafiga yangu, tukala wote. Moshi ukapungua. Ningekuwa na akili ningetia kaa na tonge la ugali kwenye yale mafiga mengine, yahesabike bado kuwa majiko. Sikufikiri, nilikuwa nimeshiba.

Mwenyekiti alikuja akijikokota, mkono tumboni. Akahesabu. Jiko moja.

"Hatua mbili," alisema.

"Mwenyekiti! Tuko watu wazima kumi na watano!"

"Wewe mwenyewe ulisema haki si ya wengi." Akapima hatua mbili, akagonga mhuri hewani, akapuliza.

Tuliomba, tukamtukana, kiongozi akamwambia mke wake ana subira ya punda. Hakubadilika mpaka giza likaisha. Siku tatu zilizobaki tulilala watu kumi na watano na mtoto ndani ya hatua mbili, tukigeuka kwa amri, na hatua ishirini na nane za jiwe kavu zikiwa tupu kando yetu. Tupu ni namna ya kusema. Mvua ilipoanza, kenge alipanda kutoka bondeni, akajinyoosha katikati ya zile hatua ishirini na nane. Tulimpigia filimbi ya mwenyekiti. Akafumba jicho moja. Hakuwa na jiko, kwa hiyo hakukuwa na kanuni ya kumtoa.

Kifua cha mwanangu kilipona kwa lile joto. Alilala juu yetu, si baina yetu, tukimpokezana tumbo kwa tumbo, na nilijaza magunia yangu yote. Hilo nalikubali. Ila sheria niliyoitunga mwenyewe ndiyo iliyonibana mbavu, na hasira ya hilo bado ninayo.

Sasa Barazani wanagawa kwa kichwa: kila mtu mzima hatua moja na nusu, aliye mgongoni hana kitu. Giza lililopita nilimpeleka tena mwanangu, na alikuwa ameanza kutembea. Nikadai. Mwenyekiti akakuna kidevu, akasema anayetembea atapewa sehemu, lakini apimiwe kwa hatua zake mwenyewe, moja na nusu. Wale akina mama wakaguna. Hatua za mtoto, moja na nusu, ni upana wa sahani mbili tu!

Nilimshusha chini, nikamnong'oneza, "Nyoosha mguu, mwanangu."

Hakunyoosha. Alimwona kenge mwisho wa jiwe, akapiga ukelele wa furaha, akakimbia moja kwa moja hadi kule bila kusimama. Kenge aliruka bondeni kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Kikundi kizima kikasimama, kiongozi akiwa mbele, wakipiga vigelegele: "Hiyo ni hatua moja! Bado nusu!"

Mwenyekiti akatoa mhuri, akagonga, akapuliza.